Limbani Aliponyamaza

NaMbewe alikuwa na mume wa miaka miwili na nusu. Jina lake Limbani, na alikuwa mjukuu wake. Kila asubuhi mume huyo alikaa juu ya mkeka, miguu kaikunjua, akadai uji kwa kupiga kijiko kwenye sahani ya bati. Uji ukichelewa, nyumba ya tatu walisikia.

"Mume wangu, njaa hiyo unaitoa wapi?" NaMbewe humuuliza. "Jana umekula nsima ya watu wawili."

"Uji," Limbani hujibu. Maneno yake yalikuwa machache, lakini yote aliyatumia kwa sauti.

Sauti hiyo ilikuwa na kazi katika nyumba ile. Baba yake, Laston, alikuja kuoa kwa akina NaMbewe na akajenga hapo hapo, kama wafanyavyo wanaume wa kijiji kile. Alikuwa mkwe mwema. Alilima bila kusukumwa, na aliezeka jiko la mama mkwe kabla ya kuezeka lake. Lakini mkwe ni mkwe. Laston hakumtazama NaMbewe usoni. Hakula naye, na hakumsogelea karibu zaidi ya hatua tano. Wala hawakusemezana. Neno likihitajika, lilipitia kwa mtu wa kati. Mara nyingi mtu huyo alikuwa Tamandani, binti yake NaMbewe. Tamandani asipokuwepo, kazi ilimwangukia Limbani.

"Mume wangu, mwambie baba yako nsima iko tayari," NaMbewe alisema akiwa jikoni.

"Limbani, mwambie bibi yako nashukuru," Laston alijibu akiwa uani, macho yake ukutani.

"Bibi, kuku," Limbani alisema, kwa sababu alikuwa amemwona kuku.

Haikuwa na neno. Ujumbe ulikuwa umeshafika, maana masikio hayajui ukwe. Hivyo ndivyo walivyoishi, na waliishi vizuri.

Mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekaza, dada yake Tamandani alijifungua huko Ntchisi. Tamandani akaenda kumsaidia kwa wiki mbili. Nyumbani wakabaki NaMbewe, Laston na mjumbe wao.

Siku ya Jumatatu Limbani alipata homa. NaMbewe alimpangusa kwa maji, akamnywesha dawa ya homa, akamwimbia. Jumatatu ikapita.

Jumanne alfajiri NaMbewe alikwenda bombani kuchota maji. Laston alikuwa uani akifunga kamba ya baiskeli yake, na Limbani alikuwa amelala kwenye mkeka barazani. Ghafla mtoto akakakamaa. Macho yakageuka, mikono na miguu ikatetemeka. Laston aliinuka, lakini hakujua amshike wapi. Halafu mwili ukalegea, na mtoto akawa kama amelala. Lakini kifua chake kilikuwa kinakwenda mbio.

NaMbewe akarudi na ndoo kichwani. Laston akasogea pembeni, hatua tano, akatazama ukuta.

"Limbani," alisema, "mwambie bibi yako umetetemeka mwili mzima. Mwambie kifua chako kinakwenda mbio."

Limbani hakusema kitu. NaMbewe wakati huo alikuwa anatua ndoo, maji yanamwagika, ufuniko unagonga. Hakusikia neno hata moja.

Laston alingoja jibu. Jibu halikuja. Akajiambia kwamba mama mkwe amesikia, na kwamba mtu aliyelea watoto sita anajua analofanya. Akachukua jembe na baiskeli, akaenda shambani moyo ukiwa mzito.

Uji ulipoiva, hakuna aliyepiga sahani.

"Leo mume wangu ana adabu," NaMbewe alisema, na kwa kweli alifurahi. Akamwacha alale. Alipomgusa baadaye, mwili ulikuwa wa moto. Alipomwita, Limbani alifumbua macho kidogo, akayafumba. Hapo NaMbewe akaacha kutabasamu. Alichukua daftari la kliniki, akambeba mgongoni, akamfunga kwa kitenge kwa kukaza. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, basi akamfunika na kichwa kwa kanga ya pili.

Njia ya kwenda hospitali ilipita kando ya shamba la Laston. Laston alipomwona, aliacha jembe palepale kwenye tuta. Akaja na baiskeli mbio, akasimama mbali kwa heshima.

"Limbani, mwambie bibi yako apande hapa nyuma. Tutafika sasa hivi."

Safari hii NaMbewe alisikia vizuri. Lakini mama mkwe apande baiskeli ya mkwe wake, amshike kiunoni? Hata walevi wa kijiji kile hawakuwa na mzaha wa namna hiyo.

"Mume wangu," alisema akitazama mbele, "mwambie baba yako miguu ninayo."

Basi wakaenda. NaMbewe alitangulia na mtoto. Laston alifuata hatua ishirini nyuma, akisukuma baiskeli isiyobeba mtu. Walitembea saa moja na nusu. Waliokutana nao njiani waliwasalimu na kuona mambo yako sawa. Tusiwacheke. Wengi wetu tungefanya vilevile, na tungejisifu kwa adabu.

Hospitali ile ndogo ilikuwa na utaratibu wake. Kila aliyefika aliweka daftari lake kwenye benchi, nyuma ya daftari la aliyemtangulia. Daftari la NaMbewe lilikuwa la thelathini na mbili. Aliwasalimu waliokuwepo, mmoja mmoja, akauliza habari za nyumbani, akakaa chini. Mgongoni kwake palikuwa kimya. Laston alibaki nje, chini ya ukingo wa paa.

Mara kelele zikasikika getini. Mama mmoja aliingia mbio, kamshika mkono kijana wa miaka tisa anayerukaruka kwa mguu mmoja. Kijana alijikata na jembe. Kitambaa mguuni kilikuwa chekundu, na mdomo wake ulikuwa wazi hadi koo linaonekana.

"Mpisheni," watu walisema. "Mpisheni, anakufa huyu."

NaMbewe naye akasogea. "Pita, mama," alisema kwa huruma. "Wangu amelala tu."

Mlango ukafunguka, akatoka muuguzi, Sista Mwawi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye hatua za haraka na ulimi wa haraka zaidi. Sista Mwawi hakuanza na daftari la kwanza. Kila saa alipita kwanza kwenye foleni na kutazama watoto nyuso. Alimwinamia kijana, akafunua kitambaa, akatazama, akakirudisha.

"Mama, kandamiza hapa kwa kiganja. Kwa nguvu, na usifungulie kuchungulia. Mguu uwe juu ya benchi. Nakuja."

"Sista, unamwacha? Mwanangu anakufa."

"Mwanao ana pumzi ya kuamsha kijiji, mama. Damu inachuruzika, hairuki. Kandamiza."

Kijana akalia zaidi, pengine kwa kuona ameshushwa cheo. Sista alikuwa ameshampita. Alitembea hadi mwisho wa foleni, akasimama mbele ya NaMbewe.

"Shikamoo, bibi. Huyo mgongoni vipi?"

"Amelala, mwanangu. Ana homa kidogo. Daftari lake liko kule, zamu yetu bado."

"Naomba nimwone."

"Zamu yetu bado," NaMbewe alirudia. Aliona haya, maana watu wote walikuwa wanatazama.

Sista Mwawi hakubishana. Alizunguka nyuma, akaifunua kanga. Kichwa cha Limbani kilikuwa kimeangukia mbele, kidevu kimebana kifua. Midomo ilikuwa na rangi ya kijivu. Sista alikifungua kitenge kwa mikono miwili, akampakata mtoto na kuondoka naye karibu kwa kukimbia. NaMbewe akamfuata, kitenge kinaburuta sakafuni.

Ndani, Sista alimlaza Limbani mezani chali. Akakinyanyua kidevu kidogo, shingo ikanyooka.

"Foster, pampu," alimwambia msaidizi wake. Kwa mrija mwembamba akafyonza makohozi mdomoni na puani. "Kwanza njia ya pumzi. Ikiziba, mengine yote ni bure."

Kifua cha Limbani kilipanda. Sista akainua shati. Kila mtoto alipovuta pumzi, nyama chini ya mbavu ilibonyea ndani. Wakamwekea mirija midogo puani, na mashine ya oksijeni ikaanza kuunguruma. Kisha Sista akashika mkono wa Limbani. Akabonyeza kucha ya kidole gumba, akaachia, akahesabu huku akingoja wekundu urudi. Ulichelewa.

"Mkono wa baridi, na mwili wa moto. Damu haizunguki vizuri. Limbani! Limbani, mwanangu!" Alimfinya sikio. Mtoto aliguna tu. "Foster, kidole. Pima sukari na malaria."

Foster alichoma kidole, akatazama kipimo. "Sukari imeshuka sana, Sista. Na malaria ipo."

"Dripu ya sukari, sasa hivi."

NaMbewe alisimama ukutani, mikono kifuani. Mtu huyu mezani ndiye aliyekuwa anamwamsha kila siku kwa sahani ya bati. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

"Bibi," Sista alisema bila kugeuka, akitafuta mshipa. "Leo ametetemeka? Degedege? Nieleze ukweli, ni muhimu. Na kifua hiki kimeanza lini?"

"Sijui, mwanangu. Alfajiri nilikwenda bombani."

"Nani alibaki naye?"

"Baba yake."

"Yuko wapi?"

NaMbewe alitazama mlangoni. Chini ya ukingo wa paa alizijua zile ndara zilizotengenezwa kwa tairi. "Pale nje."

"Mwite."

NaMbewe akatafuta mtu wa kumtuma. Foster alikuwa ameshika chupa ya dripu juu. Mikono ya Sista yote miwili ilikuwa kwenye mshipa. Mjumbe wa nyumba yao alikuwa amelala mezani, mirija puani. Hakuna mwingine.

Miaka minne hajawahi kulitamka jina lile mbele ya mwenyewe.

"Laston," alisema. Sauti ilitoka ndogo, kama ya msichana. Akakohoa. "Laston, baba. Ingia. Njoo umwambie Sista ulichokiona."

Ndara zilisita, kisha zikaingia. Laston alichutama karibu na mlango, macho chini.

"Alikakamaa alfajiri, Sista," alisema. "Macho yakageuka, akatetemeka mikono na miguu. Muda wa kufunga kamba ya baiskeli. Kisha kifua kikaanza kwenda mbio." Kwa mara ya kwanza akageuka upande wa mama mkwe wake. "Nilisema, mama. Nilimwambia Limbani akwambie."

"Sikusikia, mwanangu," NaMbewe alisema, machozi yakimtoka. "Haki ya Mungu sikusikia."

Sista Mwawi aliwatazama mara moja, huyu na yule, akaelewa. "Ulimtia kitu mdomoni alipotetemeka?"

"Hapana. Niliogopa."

"Vizuri. Usimtie kijiko, wala maji. Unamlaza ubavu tu, unamlinda asijigonge, unamkimbiza huku. Foster, andaa dawa ya degedege, ikae hapa karibu. Linaweza kurudi."

Na kweli lilirudi, kabla ya saa sita. Lakini dawa ilikuwa tayari mezani, na likakatika upesi. Wakamchoma sindano ya malaria na ya kifua. Sista akatoka kwenda kushona mguu wa yule kijana, aliyekuwa bado analia, ila sasa kwa mapumziko.

"Nyie wawili," Sista aliwaambia kabla ya kutoka, "sina watu. Bibi, kaa hapa, shika kichwa chake, mirija isitoke. Baba, kaa pale, tazama matone ya dripu. Yakisimama, niite."

Kitanda alichohamishiwa Limbani kilikuwa chembamba. Mama mkwe alikaa upande huu na mkwe upande ule, magoti yao yakitenganishwa na mtoto tu. Mwanzoni kila mmoja alitazama kazi yake bila kuinua macho. Baada ya muda NaMbewe akauliza, "Matone yanaendaje?"

"Yanakwenda, mama."

"Na mguu wake huo, bado wa baridi?"

Laston akaugusa. "Bado."

Wakaendelea hivyo mchana kutwa, kwa maneno ya kitandani. Saa tisa Laston aligusa tena, akasita, akagusa na mguu wa pili.

"Mama, umepata moto kidogo. Hebu shika."

NaMbewe alishika. Kweli. Akaubusu mguu ule mchafu kwenye unyayo.

Sista aliporudi kumpima, NaMbewe alimuuliza jambo lililomkaa moyoni. "Mwanangu, ulimpitaje yule mwenye damu, ukaja kwangu ambaye sikusema kitu?"

"Kwa sababu hukusema kitu, na mtoto hakusema kitu," Sista alijibu. "Bibi, anayelia anapumua. Simdharau, nitamtibu. Lakini kwanza namtafuta aliyenyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mtoto wa umri huu akae kwenye foleni asidai hata maji?"

"Mimi nilidhani ni adabu."

"Mtoto mgonjwa hana adabu, ana ugonjwa."

Laston akauliza, akiwa bado anatazama matone, "Sasa sisi nyumbani tutajuaje? Hatuna mashine."

"Macho unayo. Fungua nguo utazame kifua. Kinakwenda mbio? Kinabonyea chini ya mbavu? Anakoroma, midomo imebadilika rangi? Hilo ndilo la kwanza. Shika mikono na miguu. Mwili una moto, mkono una baridi, hapo kuna hatari. Mwite jina. Asipokujibu, wala kukutazama, wala kunyonya, huyo halali usingizi wa kawaida. Na aliyetetemeka, hata mara moja, hata kama ameacha. Na anayeharisha hadi macho yamezama. Hata moja tu katika hayo, bibi, usiweke daftari kwenye benchi. Pita wote, piga kelele mlangoni."

"Watanisema."

"Wakuseme. Mficha uchi hazai. Na mbebe kwa mbele, uso uuone. Ule ufungaji wa mgongoni, kidevu kilikuwa kinambana koo." Akamgeukia Laston. "Na wewe, ukiona hatari, mwambie mtu mzima."

"Ni mkwe wangu, Sista," Laston alisema kwa unyonge.

"Najua. Na mimi nina wakwe. Heshima mpe, ila na habari mpe."

Saa kumi na moja Limbani alifumbua macho. Alitazama paa, akatazama mrija, akaushika na kuuvuta. NaMbewe alipomzuia, alikunja uso. Mdomo ukafunguka. Kikatoka kilio chembamba, cha hasira.

"Ndiyo," Sista Mwawi alisema kutoka mlangoni. "Hicho ndicho nilikuwa nakingoja."

NaMbewe alilia pamoja naye. Laston aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika, na mama mkwe wake hakujifanya hakuona.

Walirudi nyumbani siku ya sita, Limbani kabebwa mbele. Tamandani alipofika kutoka Ntchisi, aliwakuta mama yake na mumewe uani wakibishana kuhusu dawa. Mmoja alisema kidonge ni baada ya uji, mwingine alisema ni kabla. Walibishana moja kwa moja, mdomo kwa sikio. Tamandani alitua mzigo wake taratibu, akakaa juu yake.

Si wote waliopendezwa. NaChirwa, mama mkubwa wa kijiji, ndiye aliyewafunza wanawali wote wa pale adabu za ukwe. Alikuja jioni moja na fimbo yake.

"NaMbewe, nasikia unamwita mkwe wako kwa jina. Nasikia mlikaa kitanda kimoja. Haya imekufa katika nyumba hii?"

"Haijafa, mama. Bado hatuli pamoja. Bado ananipisha njiani." NaMbewe alikuwa anamenya karanga, hakuacha. "Lakini ilibaki kidogo afe mtoto. Ikibidi kimoja kife, nitaizika haya kwa mikono yangu, na wewe nitakualika matanga."

NaChirwa aliondoka bila kuaga. Hata hivyo, kabla ya kuondoka aliuliza, kama mtu asiyejali, hizo dalili Sista alizozitaja ni zipi. NaMbewe alimweleza zote, na akamwonyesha kubonyeza kucha.

Wiki tatu zikapita. Siku moja mchana, watu wakiwa wanapalilia, kilisikika kitu ambacho kijiji kile hakijawahi kukisikia. NaChirwa alikuwa amesimama barazani kwake, kampakata Ulemu, mjukuu wa miezi minane aliyekuwa akiharisha tangu jana. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama, mikono ni ya baridi, na hakuwa analia.

"Jonasi!" NaChirwa aliita. "Jonasi, mkwe wangu! Lete baiskeli!"

Majembe yalisimama mashamba yote. Jonasi mwenyewe alitazama nyuma, akidhani anaitwa Jonasi mwingine. Halafu akakimbia. Watu walimwona NaChirwa, kwa miaka yake sabini, akipanda nyuma ya baiskeli ya mkwe wake, mkono mmoja kiunoni kwake, mwingine kwa mtoto, uso wa mtoto ukiwa juu. Hospitalini hakusalimia mtu wala kuuliza habari za nyumbani. Alipita madaftari yote hadi mlangoni kwa Sista.

Walikaa siku tatu. Ulemu alirudi ananyonya kama aliyedhulumiwa.

Jioni hiyo NaChirwa alikuja tena kwa NaMbewe, akakaa mkekani.

"Usiseme neno," alianza.

"Sijasema, mama."

"Unafikiria."

NaMbewe akamsogezea karanga. NaChirwa alimenya chache, akatafuna polepole kwa meno aliyobakiwa nayo. Njiani, alisema, alimwelekeza Jonasi palipo na mashimo, na Jonasi alikuwa akimjibu. Wakati wa kurudi walizungumza njia nzima.

"Miaka saba anaishi uani kwangu," alisema NaChirwa. "Sikujua kwamba kijana yule anachekesha."